Kisanduku cha Kumi na Nne

Fomu yauliza: Utafiti wako utalifaa vipi taifa?
Jibu lisizidi maneno mia tatu.
Niko saiba kwa Okwemba, soko la Luanda,
kiti changu kimefungwa mguu kwa mpira wa baiskeli,
na taifa, nikisema kweli, silioni kutoka hapa.
Namwona Khatenje akipima omena kwa kopo
lenye kitako kilichobonyezwa ndani kidogo,
na hilo nalo ni somo la uchumi, ila si langu.

Langu ni kiduha.
Ua zuri la zambarau; ukilitazama kwa mbali utadhani
mtu amelipamba shamba kwa ajili ya harusi.
Chini ya udongo limeng'ata mzizi wa hindi,
linafyonza,
na hindi linasimama palepale, fupi, la manjano,
kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kufuata karo.

Mmea mmoja, mbegu elfu hamsini.
Nimezihesabu. Si zote; nilihesabu sampuli,
kwa darubini ya kuazima, maabara ya chini, Maseno,
hadi jicho la kushoto likaanza kuona vumbi hata kwenye ugali.
Mbegu hizo hulala ardhini hata miaka ishirini
zikisubiri mzizi upite karibu, uzinong'oneze.
Miaka ishirini! Na bila barua ya chifu.

Mimi ya chifu ninayo. Ninayo na hati ya polisi ya mwenendo mwema
(vidole vyangu kumi vilikaa vyeusi hadi Jumapili,
mchungaji akanishika mkono, akautazama, akanyamaza).
Ya kodi ninayo, ingawa kodi ya nini,
sisi walimu wa vibarua tunajua wenyewe.
Ile ya mkopo wa zamani inasema bado nadaiwa,
kwa hiyo nimeandika barua ya kuieleza barua.
Saini ya Profesa Odiero niliifuata matangani, Ahero,
nikamkuta kashika daftari la michango;
akatia saini juu ya goti, wino ukagoma,
akaazima kalamu ya mweka hazina wa mazishi.
Ndiyo maana ni ya kijani. Isomeni hivyo hivyo.

Kisanduku cha kumi na nne: Umri.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi,
mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano.
Mwaka juzi niliomba, wakasema bajeti imekatwa.
Mwaka jana niliomba, hawakusema.
Novemba hii, vuli ikiwa imeshika, natimiza arobaini na sita,
na huyu Okwemba, aliyezaliwa nikiwa kidato cha nne,
vidole vyake viko juu ya herufi, ananiuliza kwa upole,
"Mwalimu, hapa nijaze ngapi?"

Jaza ya kweli.

Saa kumi na dakika ishirini umeme ukaenda zake.
Mwisho wa kupokea ni saa kumi na moja kamili.
Okwemba akakimbia kwa kinyozi kuomba jenereta,
nikatoa mia mbili ya mafuta, ile ya nauli,
na katika lile giza lenye harufu ya wino na mahindi ya kuchoma
nikayasikia maneno yangu mia tatu:
usalama wa chakula, ruwaza ya maendeleo, wadau.
Hakuna hata moja lililowahi kushika jembe.

Mwanga uliporudi nikayafuta. Nikaandika:
Shamba la mama yangu, Ebusakami, ni robo ekari.
Mwaka alipozaliwa kitinda mimba wetu lilitoa magunia matano.
Msimu uliopita lilitoa madebe mawili.
Nataka kujua mzizi husema nini hata mbegu ikaamka,
ili tujifunze kuliita jina hilo
siku ambayo hakuna hindi la kuliwa.

Yalikuwa machache mno. Nafasi iliyobaki nikawaachia.

Dakika mbili kabla ya saa kumi na moja skrini ikasema:
Ombi lako limepokewa. Usijibu ujumbe huu.
Sikujibu.
Nilikopa omena kopo moja, Khatenje akaongeza ukufi,
nikashika njia ya Ebusakami kwa miguu, faili kwapani.
Mwanga ulikuwa bado unatosha
kung'oa mistari miwili, labda mitatu,
kabla maua hayajafunga mbegu.